Acheni Kumeza Piriton Ili Mlale

"Daktari, nikikosa usingizi nimeze Piriton ngapi?" Naulizwa Mugumu, naulizwa Tarime mjini, naulizwa Sirari. Usimeze hata moja. Piriton ni dawa ya aleji.

Najua imani hiyo ilikotoka: kidonge ni rahisi, na ukikimeza macho yanakuwa mazito. Lakini kusinzia si kulala. Dawa hiyo inazuia histamini, kemikali inayouweka ubongo macho, na kukicha haiondoki. Kwa mtu mzima inaweza kuchukua saa 20 hivi kupungua nusu tu. Uliyomeza saa nne usiku, asubuhi sehemu kubwa bado imo mwilini. Ukimeza tena jioni, ya leo inaikuta ya jana. Siku chache baadaye mwili umeizoea. Ndipo mtu anaongeza viwili, vitatu, mdomo unamkauka, na akiwa mzee hata haja ndogo inatoka kwa shida.

Na kilichomleta mgonjwa kwangu ni shida ya mchana! Mkulima anayepakana na Pori la Akiba Ikorongo amekesha msimu mzima na tochi na debe, akifukuza tembo kwenye mahindi. Mavuno yameshaingia ndani, usingizi haujarudi. Saa nane usiku umempaa. Mchana anahesabu fedha za kikoba mara tatu na kupata jumla tatu. Umakini na kumbukumbu ya papo kwa papo ndivyo vimeyumba, na Piriton inavigonga hapo hapo.

Usiniambie umezoea kulala kidogo. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu waliolala kwa saa sita kila usiku, wiki mbili mfululizo: walikosea kama waliokesha usiku kucha, ilhali wenyewe walijiona wana usingizi kidogo tu. Mtu wa bodaboda anayejiona hivyo ananitia hofu.

Basi: amka saa ileile kila siku. Panda kitandani ukishasikia usingizi. Ukikaa macho kama dakika 20, toka, rudi usingizi ukija. Kahawa na chai mwisho mchana. Mirungi acha. Gongo inakulaza mapema, kisha inakukatakata usingizi alfajiri. Ukikoroma na kukatika pumzi, au hali ikifika miezi mitatu, nenda hospitali. Wa zamu ya usiku mgodini Nyamongo, ukitoka lala moja kwa moja, chumba kiwe giza. Mnaoendelea kulinda mashamba, gawaneni usiku na majirani, mmoja asikeshe peke yake mpaka asubuhi.