Tingatinga: Mtindo wa uchoraji uliozaliwa na mikono mingi

Wanasaikolojia hutofautisha namna mbili za kufikiri: kutawanya, yaani kutafuta majibu mengi, na kukusanya, yaani kuchagua moja lifaalo. Nchini Tanzania, uchoraji wa Tingatinga unazidhihirisha zote mbili.

Mwaka 1968, jijini Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama kwa rangi za baiskeli juu ya vibao vya dari. Alifariki mwaka 1972, lakini wafuasi wake waliendelea: kila mmoja akajaribu lake, wanunuzi wakachuja. Hivyo mtindo tunaoujua leo ulichipuka katika kazi ya wengi, bila kupangwa na yeyote.

Hatari ni kwamba soko likichuja kupita kiasi, wachoraji hubaki kuigana, na chemchemi ya majaribio hukauka.