Mali Bila Daftari: Safari ya Duka la Zamani Mjini Nyeri

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mithali hii nimeisikia tangu utotoni, lakini utamu wake sikuuonja mpaka nilipofunga safari kutoka Mombasa hadi Nyeri, chini ya Mlima Kenya, kwenda kutafuta duka.

Najua msomaji atacheka. Mtu atoke Kibokoni, apite Nairobi, apande mpaka kwenye baridi ya Nyeri kwa ajili ya duka, kwani Mombasa maduka yamekwisha? Sababu ni hii. Ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa duka mjini Nyeri katika miaka ya 1960. Alipofariki mwaka juzi, tulikuta katika mkoba wake kijikaratasi alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe: "Nyeri, dukani. Shs. 68/50. Sijalipa."

Nasi kwetu twajua kwamba deni la maiti hulipwa kabla ya wasia na kabla ya mirathi kugawanywa. Ndugu zangu wengine walisema kuwa hizo ni pesa ndogo, na mwenye duka pengine hayuko tena duniani. Mimi nikasema dawa ya deni ni kulipa, nikakata tikiti.

Duka nililiona bila ya taabu. Wazee wa stendi walipoulizwa walininyoshea kidole mara moja. Ni nyumba ya mabati yenye baraza mbele, na barazani ameketi fundi na cherehani yake, kama walivyokuwa wakiketi mafundi wa zamani mbele ya kila duka la bara. Ndani kuna kaunta ndefu ya mbao iliyong'arishwa na viwiko vya watu kwa miaka na miaka. Juu yake mizani na mawe yake. Nyuma yake rafu zimepanda hadi darini. Kuna sabuni za mche, viberiti, chumvi, majani ya chai, misumari ya kupimwa kwa ratili, makarai, kamba, majembe, fanusi, mablanketi na viatu vya mpira. Ukutani pameandikwa: "Kukopa harusi, kulipa matanga." Nikajisemea kimoyomoyo kwamba hapa ndipo.

BOMA NA DUKA

Ili tuelewe duka kama hili, hebu turudi nyuma kidogo. Mji wa Nyeri ulianza kuwa boma la Waingereza mwishoni mwa mwaka 1902, baada ya askari wao, Richard Meinertzhagen akiwa miongoni mwao, kuwapiga watu wa Tetu. Boma likishajengwa, duka halikawii. Askari anataka sukari, karani anataka kitambaa, na mwananchi aliyetozwa kodi anatafuta mahali pa kuuza maharage na ngozi apate fedha ya kulipa.

Watu wetu wa pwani hawakuwa wageni huko. Misafara ya Waswahili ilikuwa imefika nchi za Mlima Kenya kununua pembe na chakula kabla ya bendera ya Mwingereza. Hata leo Nyeri ina mtaa wa Majengo, na Murang'a ina mtaa uitwao Mjini, na humo Waislamu wa bara wanaswali misikitini mwao. Lugha nayo ilisafiri pamoja na bidhaa. Neno duka tulilipata kwa Waarabu, na Wakikuyu wakalipata kwetu wakalifanya nduka. Neno sukari nalo lilisafiri vivyo hivyo.

Lakini waliolifanya duka kuwa kazi ya kudumu ni Wahindi. Aliyewafungulia wengi njia ni Allidina Visram, yule ambaye jina lake liko katika shule ya sekondari hapa Mombasa. Alitoka Kutch akiwa kijana, akaja Unguja, akaeneza maduka katika njia za misafara ya Tanganyika na kisha kufuata reli ya Uganda, hata kufariki kwake mwaka 1916. Vijana waliojifunza kazi katika maduka kama yake walikwenda mbele zaidi, mahali pasipokuwa na reli. Mizigo ilikwenda Nyeri kwa vichwa vya wapagazi na kwa magari ya ng'ombe. Reli ilipofika Nanyuki mwaka 1930, mambo yakawa mepesi, na maduka yakaota kando ya mlima kama uyoga.

KAZI YA DUKA

Duka lilikuwa zaidi ya mahali pa kununua. Lilikuwa benki, maana mkulima aliweka hapo fedha zake za mavuno. Lilikuwa posta, maana barua za walio Nairobi na Mombasa ziliachwa kaunta, na asiyejua kusoma akasomewa. Lilikuwa hospitali ya kwanza, kwa vidonge vya kichwa na vya homa. Na habari za mji, za ndoa na za mazishi, zilitembea kutoka hapo.

Tusije tukasifu mno. Mwenye duka ndiye aliyeshika mizani, naye ndiye aliyetaja bei ya maharage anayonunua na bei ya chumvi anayouza. Wakulima walinung'unika, na walikuwa na haki. Ndiyo maana Waafrika wenyewe walianza kujenga maduka yao katika masoko ya mashambani. Ilipotangazwa Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, mengi ya hayo yalifungwa kwa amri ya serikali, kwa hofu kwamba unga na dawa vinakwenda msituni kwa Mau Mau. Mtu aliyeweka akiba yake yote katika mabati na rafu aliona mlango wake unapigwa misumari.

Kisha ikaja sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967, iliyowafungia wasio raia milango ya biashara nyingi na miji mingi. Wahindi waliokuwa na pasi za Uingereza wakaanza kuuza na kuhama. Tajiri wa ami yangu alikuwa mmoja wao.

DAFTARI

Mwenye duka wa sasa ni mzee wa Kikuyu aliyepita miaka themanini. Watu wa pale humwita Guka, yaani babu. Nilimwamkia shikamoo, nikamtolea kijikaratasi. Akakitazama kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Mswahili," akasema. "Yule karani Mswahili. Mimi nilikuwa kijana wa kubeba magunia hapa. Siku moja akaletewa simu kwamba mama yake ni mgonjwa sana. Akachukua mablanketi mawili na sukari ya safari, akapanda gari usiku. Hakurudi."

Nikamuuliza, je, deni hili nimlipe nani, ikiwa tajiri alihama?

"Mimi," akajibu bila kusita. "Duka nililinunua kwa mkopo, na nilinunua pamoja na madeni yake."

Akainama chini ya kaunta, akatoa daftari jekundu lililoliwa pembe na mende. Limeandikwa Kigujarati kitupu. Guka hakusoma shule kubwa, lakini kwa kusimama kaunta miaka mingi alijifunza tarakimu na majina katika hati ile. Kidole chake kikateremka ukurasa baada ya ukurasa, kikasimama. "Huyu hapa. Sitini na nane na nusu."

Moyo ulinipiga. Nikakumbuka kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandikiana deni. Kumbe maandishi ya watu wawili, mmoja Kibokoni na mmoja Nyeri, yameshuhudiliana baada ya zaidi ya nusu karne.

Nikampa noti ya elfu moja, maana shilingi 68 za leo hazinunui hata kilo ya sukari. Akairudisha. "Kitabu hakisemi elfu," akasema. Nikamsihi, akakataa kabisa. Basi nikatoa shilingi sabini. Akanirudishia sarafu ya shilingi moja, na kwa kuwa senti hamsini haikuwapo, akafungua chupa ya kaunta akanipa peremende, kama yalivyokuwa madukani tulipokuwa watoto. Kisha akachukua kalamu, akapiga mstari.

Duka la Guka nalo limebadilika. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, na kuenea, watu huweka na kutoa fedha palepale kwenye kaunta. Maduka makubwa ya kujihudumia yamejaa mjini, nayo hayamkopeshi mtu kibaba cha unga. Lakini yenyewe hukopa: Nakumatt, iliyotapakaa Afrika Mashariki, ilizama katika madeni ya mabilioni, na mwaka 2020 wadai wake wakaamua ifungwe. Guka bado ana daftari jipya pembeni ya lile jekundu, na nilipokuwa pale mama mmoja aliandikiwa unga na mafuta mpaka mwisho wa mwezi.

Niliporudi Mombasa nilipita kaburini kwa ami, nikamsomea Fatiha. Kile kijikaratasi nimekihifadhi, na chini yake nimeandika neno moja: "Imelipwa."