Kanisa Anglikana Shinyanga: Kutoka Nassa hadi Dayosisi

Historia ya Waanglikana wa Shinyanga na Geita inaanzia kandokando ya Ziwa Viktoria, ambako wamisionari wa Church Missionary Society (CMS), chama cha Waanglikana wa Uingereza, walifika mwaka 1877, na wawili wao, Shergold Smith na O'Neill, wakauawa Ukerewe mwezi Desemba mwaka huohuo. Kituo chao cha Nassa, kilichoanzishwa mwaka 1888 katika nchi ya Wasukuma, kilikabidhiwa kwa chama kingine cha wamisionari, Africa Inland Mission, mwaka 1909, na ndiyo sababu mojawapo ya Kanisa la Africa Inland kuenea zaidi Usukumani kuliko Kanisa Anglikana.

Mwaka 1963 ilizaliwa Dayosisi ya Victoria Nyanza, yaani eneo linalosimamiwa na askofu mmoja, ambayo ilimegwa kutoka Dayosisi ya Central Tanganyika na kuwekwa chini ya Askofu Maxwell Wiggins wa New Zealand, kisha mwaka 1976 uongozi ukapokewa na Mtanzania, John Rusibamayila. Shinyanga ilipata dayosisi yake mwaka 2005, na tangu hapo makasisi, yaani wahudumu wenye daraja ya kuadhimisha Meza ya Bwana, wanawajibika kwa askofu aliye karibu nao.