Tundu la karoseri: mastiki si chuma

Wengi kati yetu tukishamaliza masomo tunachangishana dola, tunanunua gari ya okazyo ili ifanye taksi. Tunaangalia moteri, tunaangalia mapneu, halafu rangi inatudanganya. Rangi mpya inang'aa, lakini chini yake kunaweza kuwa tundu lenye limezibwa na karatasi na mastiki. Leo tuongelee namna tundu hilo linatengenezwa vizuri mbele ya kupaka rangi, ili hata mwenye hatashika nyundo ajue ni nini anaomba kwa fundi tolye.

Tuanze na sababu. Chuma kikikutana na maji pamoja na oksijeni kinageuka kutu. Chumvi inaharakisha kazi hiyo. Njo maana gari zenye zimetembea Ulaya, fasi wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, mara mingi zinafika zikiwa zimeliwa chini. Huku kwetu Goma kuna pia moshi wa Nyiragongo: gesi yake ya salfa inachanganyika na mvua, mvua inakuwa na asidi, na asidi inakula chuma. Bati la karoseri ni jembamba, karibu milimita 0,7 mpaka 1. Halina mengi ya kuliwa.

Jambo la kushika: mara mingi kutu inaanza ndani, si inje. Matope yanaziba vitundu vya chini ya mlango vyenye vinatoa maji, maji yanalala pale, bati linaoza polepole. Siku unaona lengelenge dogo kwenye rangi, ndani pamekwisha kuharibika fasi kubwa kuliko hiyo.

Sasa kazi yenyewe.

Kwanza, fundi anakwangua rangi kandokando ya tundu mpaka chuma cheupe kionekane. Anadunga na turnevisi. Fasi inatoboka, imeoza. Anakata yote mpaka afike kwenye bati nzima. Kama anaacha kutu hata kidogo, itaendelea kutembea chini ya kiraka.

Pili, anakata kiraka cha bati lenye unene uleule, anazungusha pembe zake, anakipinda kifuate umbo la gari. Mbele ya kuchoma sudire anatoa waya za batri, anaondoa viti na vitambaa vya karibu, na anaweka maji ao kizima moto pembeni. Karibu na tangi ya esanzi hakuna mchezo: tangi inatoka kwanza. Anachoma nukta moja hapa, nyingine mbali, anaacha ipoe, anaendelea hivyo mpaka nukta zishikane. Ukichoma mstari mzima kwa mara moja, joto linakunja bati, linakuwa sawa na karatasi imeloa.

Tatu, anasaga sudire, anasafisha vumbi na mafuta, anapaka antiruye inje na ndani. Ndani wengi wanasahau, na ndani njo adui anaishi.

Ine, sasa tu mastiki inaingia. Kazi yake ni kusawazisha, si kuziba. Milimita 2 ao 3 zinatosha. Dawa ya kuigandisha ni karibu gramu 2 kwa gramu 100 za mastiki. Watu wanaongeza ili ikauke mbio, kumbe dawa ikizidi inaweza kupanda na kutia madoa kwenye rangi mpya. Wanasugua kwa msasa wa 80, halafu 180, halafu 320, na wanasugua pakavu, juu mastiki inanyonya maji kama sponji. Kisha wanapuliza aprei, wanaisugua na 400 mpaka 600, na mwisho rangi.

Tano, ndani ya mlango ao ya ubavu wanapuliza mafuta mazito ao nta, na wanazibua vile vitundu vya maji. Bila hiyo, tutarudi garaji.

Mutauliza: na ile namna ya kujaza magazeti na mastiki? Ni bei rahisi, ndiyo. Lakini kutu haijatoka, maji yananaswa nyuma, na msimu wa mvua ukipita malengelenge yanarudi. Kwenye ubavu juu ya gurudumu, hasara ni ya sura na ya mfuko. Lakini kwenye longero, chini ya milango, ao fasi mikanda ya viti inafungwa, ni habari ingine kabisa. Sehemu hizo njo zinabeba gari na kulinda watu siku ya kugongana. Mastiki haibebi kitu. Fikirieni minibisi yenye inapeleka watoto masomoni, kiti kimefungwa juu ya bati bovu lenye limepakwa rangi nzuri.

Kwa hiyo, mbele ya kulipa gari, chukua sumaku ndogo, ifunge mu kitambaa laini, ipitishe pole pole juu ya karoseri. Fasi sumaku inashika vizuri, kuna chuma. Fasi inalegea ao inaanguka, uliza. Pareshoke ni ya plastiki, na gari zingine ziko na kapo ya aliminyumu, hizo hazishiki hata zikiwa nzima. Lakini chini ya mlango wa chuma, mara mingi sababu ni mastiki. Halafu lala chini, angalia longero na tochi, gongagonga na kidole: chuma kinalia, mastiki inanyamaza.

Na fundi akikuambia bei ya kukata na kuchoma sudire ni kubwa kuliko ya mastiki, usimwone mwizi. Mwambie akuonyeshe tundu likiwa wazi, halafu kiraka mbele hakijafunikwa. Fundi mwenye anajua kazi yake atafurahi kukuonyesha.