Kuoza na Kuoksidika Si Mamoja

Likizo iliyopita, nikiwa nyumbani Busibwabo, alinijia mpwa wangu asomaye biolojia chuoni, uso umemshuka. Alikuwa amesaga majani ya muhogo katika maabara ili apate protini za seli, akaliweka rojo juu ya barafu. Kulipokucha lilikuwa jeusi, halifai kwa lolote.

"Imeoza, mjomba," alisema, "na barafu niliweka!"

Mimi ni mtu wa isimu, si wa kemia, lakini neno hilo lilinikera. Katika daftari lake istilahi ya Kiingereza ilikuwapo, imenakiliwa ubaoni neno kwa neno. Maana yake hakuijua. Kuoza ni kazi ya vijidudu. Rojo lile lilikuwa limeoksidika.

Seli ikiwa hai ina glutathioni, dutu inayozikinga protini zake. Ukiisaga seli, kinga hiyo huzimuliwa na hewa huingia. Hapo vikundi vya salfa na haidrojeni vilivyomo katika protini hupoteza haidrojeni, salfa zikashikana mbili mbili, na protini ikajikunja visivyo au ikagandamana na jirani zake. Jani la muhogo lina balaa la ziada: fenoli zake, zikikutana na oksijeni kwa msaada wa vimeng'enya, hugeuka kwinoni zinazong'ang'ania protini na kuleta weusi. Ni weusi wa jamii moja na ule wa kiazi kitamu kilichomenywa. Mama zetu hukitumbukiza majini ili hewa isikifikie, wala hakuna aliyewafundisha kemia.

Barafu huchelewesha haya, haiyazuii. Inahitajika dutu itakayokubali kuoksidika badala ya protini. Mwaka 1964 Mmarekani W. W. Cleland alieleza matumizi ya ditiothreitoli, ambayo hadi leo hutiwa katika maji ya kusagia, aghalabu milimoli 1 kwa lita. Kwa majani huongezwa pia vitamini C, irudishayo kwinoni kuwa fenoli. Ila ditiothreitoli nayo huoksidika ikikaa katika maji; hutiwa dakika ya mwisho.

Maagizo aliyopewa kijana yalisema tu sampuli "isiharibike". Iharibiwe na nini? Mwalimu asiyetaja adui atamlaumuje mwanafunzi kwa kubeba silaha isiyofaa?

Nilimtaka anisimulie upya, kwa Kiswahili, bila kutamka "kuoza". Alihangaika, akafika. Kisha akatoka kuchuma majani mengine nyuma ya jiko.