Mto Mkavu Nao ni Mto

Mwanafunzi wa shule ya msingi akiulizwa maana ya mto, aghalabu hujibu kwamba ni maji mengi yanayotiririka kutoka milimani hadi ziwani au baharini. Akijibu hivyo hupewa alama zote. Hata hivyo, maelezo hayo yanamwacha nje mtoto wa Tseikuru, kaskazini mwa kaunti ya Kitui. Ukiuondoa mto Tana, mikondo mingi anayoijua mtoto huyo hutiririka siku chache tu za mwaka. Siku zilizosalia, yeye huona ukanda mpana wa mchanga ukimetameta juani. Je, tumwambie kwamba kwao hakuna mto?

Lugha ya mama yake haisemi hivyo. Mkamba atamkapo neno usi, ana maana ya mto, uwe umefurika au umekauka. Jina halimtoki mto kwa sababu maji hayaonekani. Mimi ni mwanaisimu, na kazi yangu ni kuyachunguza maneno. Lakini katika suala hili naona kwamba neno limebeba elimu kubwa kuliko vitabu vyetu vya jiografia.

Mvua inyeshapo, sehemu ya maji hukimbilia mbali, na sehemu nyingine huzama mchangani. Mchanga mzito uliojaa maji huweza kuhifadhi takriban theluthi moja ya ujazo wake. Maji yakiwa chini ya kina cha kama sentimita 60, jua haliwezi kuyafyonza kwa urahisi. Ndiyo maana akina mama huchimba visima mchangani miezi mingi baada ya mafuriko kupita, wakajaza mitungi na kuwanywesha punda na mbuzi wao. Mchanga ndio tangi la mwananchi asiye na bomba.

Sasa fikiri, ndugu msomaji, hutokea nini tunapouita mto huo "mahali pakavu" tu. Mahali pakavu hapana mwenyewe. Lori huingia, vijana hupakia mchanga, na shehena hupelekwa mijini kujenga maghorofa. Mchanga ukiisha, mwamba hubaki uchi, kingo huporomoka, na mvua ijayo hupita kasi bila kuacha hata tone. Aliyeuza mchanga ameuza maji, ila hakujua.

Kusahau kwamba mto mkavu ni mto kuna hatari nyingine. Tarehe 4 Desemba, 2021, basi lilisombwa na maji katika mto Enziu, eneo la Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Mto huo huo huvukwa kwa miguu mikavu siku nyingi za mwaka.

Serikali za kaunti hazikunyamaza. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka wa 2015, na kuunda mamlaka ya kuusimamia. Huko Kitui, mwaka wa 2018, gavana wa wakati huo, Bi. Charity Ngilu, alipiga marufuku usafirishaji wa mchanga na makaa nje ya kaunti. Wapo waliouliza, na swali lao ni la haki: kijana asiye na kazi ale nini? Jawabu langu ni kwamba hakuna anayekataa mchanga utumike. Kinachokataliwa ni kuumaliza. Mfugaji huuza maziwa, hamwuzi ng'ombe aliye kamwa peke yake. Lakini sheria hutegemea askari, na askari hawezi kukesha kando ya kila kijito. Mlinzi wa kudumu ni mwanakijiji anayeamini kwamba mto ni wake.

Imani hiyo si ngeni Ukambani. Wakamba wana mwethya, desturi ya kukusanyika kufanya kazi ya pamoja kwa zamu na kwa nyimbo. Ni kwa nguvu za vikundi vya namna hiyo kwamba mabwawa ya mchanga yalijengwa. Shirika la SASOL la Kitui, lililoanza kazi hiyo katika miaka ya 1990, limesaidia kujenga mamia ya mabwawa, wanavijiji wakichangia mawe, mchanga na jasho lao. Ukuta hujengwa juu ya mwamba kukata mkondo. Mafuriko huleta mchanga nyuma yake. Mchanga hujaa maji. Mkono mmoja haulei mwana, wala haujengi bwawa.

Kazi na sherehe, basi, havikutengana. Ndipo ninapofikia pendekezo langu. Ulimwenguni, Siku ya Mito huadhimishwa kila Jumapili ya nne ya Septemba tangu mwaka wa 2005. Hapa Kenya tunayo tarehe 10 Oktoba, ambayo mwaka wa 2024 iliacha kuitwa Siku ya Utamaduni ikawa Siku ya Mazingira. Wengine walilalamika kwamba utamaduni umefukuzwa ili miti ipandwe. Mimi naona kwamba kando ya mto mambo hayo mawili ni kitu kimoja. Fauka ya hayo, tarehe hiyo huja kabla tu ya mvua za mwisho wa mwaka, ambazo ndizo tegemeo kuu la mkulima wa Kitui. Ni wakati mwafaka wa kupanda mkonge na nyasi kwenye kingo, kuziba makorongo na kukarabati mabwawa.

Walimu wenzangu, siku hiyo ni ya mapumziko, lakini wiki inayoitangulia ni yetu. Wapelekeni wanafunzi mtoni. Wawaulize wazee jina la kila kijito na sababu ya kuitwa hivyo, wayaandike kwa Kikamba na kwa Kiswahili, kisha wachore ramani yao wenyewe. Kijito chenye jina huwa na mwenyewe. Kisicho na jina huchukuliwa na mwenye lori. Waimbe, wacheze, walishwe, halafu washike majembe pamoja na wazazi wao.

Na mtihani ujapo, mtoto wa Tseikuru akiandika kwamba mto ni njia ya maji, yawe juu ya mchanga au chini yake, tafadhali mpeni alama zote.