Fahali wa mbegu: tuseme ukweli kabla ya bei

Wengi wetu tunaofuga ng'ombe wachache, Kivu au Ituri, huuza fahali pale mitamba aliowazaa wanapofikia umri wa kupandwa. Ni vema, asije akapanda watoto wake mwenyewe. Lakini fahali wa nyama huliwa siku chache tu baada ya soko. Fahali wa mbegu hupanda majike 25 au zaidi, na kasoro yake huonekana miezi mingi baadaye, ndama wasipozaliwa.

Mnadani bei hupanda haraka, na mnunuzi hana nafasi ya kuchunguza. Basi, kabla bei haijatajwa, tumwonyeshe meno yanayoeleza umri, korodani mbili zilizo sawa, na miguu isiyochechemea. Kama zizini kwetu majike wametupa mimba, tuseme. Huenda ni brusela, inayowapata hata watu kwa maziwa mabichi. Daktari wa mifugo ampime fahali kwanza.

Torati, katika Kutoka 21, humhukumu mtu aliyeonywa kwamba ng'ombe wake hupiga pembe, naye asimzuie. Ukweli waweza kupunguza bei. Lakini mnunuzi ni jirani, na Jumapili tunakaribia naye meza moja ya Bwana.